Kabari Nyekundu

Nashilu alikuwa anatengeneza sanduku la kumzikia mwanawe, na mwanawe hakuwepo wa kuzikwa.

Sanduku lenyewe halikuwa kubwa. Lilitakiwa kuingiza koti moja, suruali moja na viatu vya kanisani, kwa sababu hivyo ndivyo vitu vya Lengai vilivyobaki. Miaka minne nyuma, masika yalipofurisha makorongo yote ya Meru, Lengai aliondoka nyumbani asubuhi akisema amepata kibarua cha kupakia mizigo. Baada ya maji kupungua, koti lake lilikutwa limenasa kwenye mizizi bondeni. Mwenye koti hakuonekana tena. Walimtafuta, wakamtangaza, wakamwombea kanisani, na mwishowe wakakaa kimya.

Katika ukoo wa Sumari, mtu asiyepatikana huzikwa kwa nguo zake. Nguo huwekwa ndani ya sanduku lisilo na msumari hata mmoja, maana wazee wao wanaamini chuma kitamzuia kupumzika. Na mpaka azikwe, msiba huhesabiwa kuwa bado uko wazi, na nyumbani hapafanyiki sherehe yoyote. Hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Resiato, dada yake Lengai, alikuwa na mchumba ambaye watu wake walishaleta ng'ombe wa mahari na sasa walikuwa wanauliza, kwa adabu lakini kila wiki, kwamba kwani kuna nini.

Nashilu alikataa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Mwaka huu alikubali. Kilichowashangaza watu ni kwamba hakutaka fundi mwingine alishike sanduku hilo.

"Mimi si fundi?" aliwauliza. "Niende nikampe kijana wa Sombetini mwenye mashine, anifichie misumari ndani ya gundi?"

Ufundi aliupata kwa baba yake, aliyetengeneza mabenchi ya kanisa kwa randa, msumeno na patasi, na kwa zana hizo hizo za mkono Nashilu alifungua karakana nyuma ya nyumba yake huko Lemara, mjini Arusha. Vitanda vyake havikulia usiku. Masanduku yake yaliunganishwa pembeni kwa mkia wa njiwa, yale meno ya mbao yaliyopanuka mbele na kubana nyuma kama mkia wa ndege; yakishaingia kwenye mapengo yake, hata uvute na ng'ombe hayatoki.

Alhamisi asubuhi, shemeji yake Yiamat alifika kukagua. Yiamat ni kaka mkubwa wa marehemu mume wake, mzee wa kanisa, na kule kijijini juu ya Ngaramtoni ndiye mwenyekiti wa kamati ya kulinda msitu. Ni mtu anayependa mambo yaende kwa saa.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, Mama Lengai. Limefika wapi?"

"Hapo ulipokaa ndio mfuniko."

Yiamat akainuka upesi, akajipangusa nyuma kama aliyekalia maji. "Si useme."

"Ulikaa kabla ya salamu."

"Jumamosi saa nne mchungaji anafika kwetu Ngaramtoni. Sitaki kusikia habari za gundi haijakauka."

"Gundi haimjui mchungaji wala mzee wa kanisa."

"Una mdomo wewe. Ndiyo maana mdogo wangu aliwahi kuondoka."

"Mdogo wako aliondoka na kisukari, na soda zote alikuwa anazinywea kwako."

Yiamat akacheka, kisha akakumbuka wako wapi na wanafanya nini, akaangalia saa yake. Nashilu naye akarudi kwenye patasi. Pande tatu zilikuwa tayari. Upande wa nne ulikuwa umebanwa kwenye jiliwa, nusu ya meno yake yamekatwa. Alikuwa anafanya kazi hiyo kama anavyofanya kazi ya mteja, anapima, anapiga, anapuliza vumbi. Angewaza kilichokuwa kinaingia ndani ya sanduku, patasi ingetoka kwenye mstari na mbao ingeharibika. Kwa hiyo hakuwaza.

Gari likasimama nje. Mwanahalima, mwenye duka la vitambaa, mteja wa siku nyingi kutoka Njiro, akaingia amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye kanga.

"Hodi humu. Mama Lengai, nimekuletea mgonjwa."

"Karibu. Anaumwa nini?"

"Mfuniko umegoma kufunga. Nataka nimpelekee mwanangu aliyejifungua, atie nguo za mtoto. Sasa nimpelekee sanduku lililoachama mdomo?"

Akaliweka juu ya meza, akafungua kanga.

Lilikuwa sanduku la mringaringa, rangi ya chai ya maziwa, limepigwa msasa vizuri. Nashilu aliangalia mfuniko kwanza, kwa kuwa ndio aliotajiwa. Ulikuwa umejikunja upande mmoja. Kisha macho yakashuka kwenye pembe.

Meno ya mkia wa njiwa yalikuwa mazuri. Lakini ubavuni mwa jino la tatu, ukihesabu kutoka juu, palikuwa na kabari nyembamba ya mninga mwekundu, kama mstari wa wino. Akageuza sanduku. Pembe ya pili ilikuwa na kabari. Ya tatu. Ya nne.

Nashilu akaiweka patasi mezani, makali yakiangalia mbali na watu, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa. Baada ya hapo hakujua mikono aipeleke wapi.

"Umeona ubovu wake?" Mwanahalima akauliza.

Nashilu alikuwa anamkumbuka Lengai wa miaka kumi na mitatu, ameshika msumeno kwa mkono wa kushoto, anakata jino la tatu ndani ya mstari badala ya nje. Kila mara jino la tatu. Mengine yote sawa, hilo linabaki na mwanya. Mafundi wengine huziba mwanya kwa vumbi la mbao na gundi, na Nashilu hakuvumilia uchafu huo. Alimwambia mwanawe, kama umekosea pembe moja, kosea zote nne kwa kipimo kile kile, utie kabari ya mninga, mteja atasema ni urembo. Wateja wakasema ni urembo. Wengine waliagiza. Kazi hiyo hapakuwa na mtu aliyeifanya Arusha nzima isipokuwa Lengai, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa na kosa lake.

Basi ni sanduku lake la zamani, akajiambia. Aliuza mengi kabla ya kupotea. Moyo ukatulia kidogo, ukauma upya.

"Ulilinunua zamani?" akauliza.

"Zamani ya wapi? Nane Nane ya juzi hii. Vanishi ilikuwa bado inanuka."

Nashilu akauinua mfuniko, akaunusa kwa ndani. Akapitisha kucha mahali ulipojikunja. Mbao ilikuwa bado inasinyaa. Mringaringa uliokaa miaka minne ndani ya nyumba hausinyai tena. Ukijikunja hivi, maana yake ulikatwa juzi, ukachongwa kabla haujakauka.

"Ulinunua kwa nani?"

"Banda la magereza. Si unavijua vitu vyao, mjukuu anarithi." Mwanahalima akamtazama usoni, akashuka sauti. "Mama Lengai, vipi? Nimekosea kitu?"

"Kaa," Nashilu akamwambia, kisha yeye mwenyewe ndiye akakaa, juu ya ule mfuniko ambao Yiamat alikuwa ameuogopa.

Nashilu akawaeleza alichokiona. Mwanahalima alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa, akaivua tena. Aliyesema ni Yiamat.

"Shemeji, mbao ni mbao. Mafundi wangapi wanatumia mkono wa kushoto?"

"Wengi."

"Basi."

"Wanaokosea jino la tatu na kulificha kwa mninga pembe zote nne ni mmoja. Nilimzaa mimi, nikamfundisha mimi."

"Labda naye alimfundisha mtu."

Hilo lilimgonga, kwa sababu liliwezekana.

"Basi huyo mtu ataniambia alifundishwa wapi na lini," akasema. "Mama, gereza gani?"

Mwanahalima akamtajia. Ni gereza la nje ya mji, ambalo Nashilu alishapita barabara yake mara nyingi akienda kutafuta mbao. Mara nyingi, akiwa na mzigo juu ya pikapu ya kukodi, alipita na kuona wafungwa shambani, na hata siku moja hakuwatazama nyuso. Nani anawatazama nyuso?

"Wanaruhusu wageni Jumamosi na Jumapili," Mwanahalima akasema. "Dereva wangu aliwahi kuwa na ndugu yake pale."

"Jumamosi ni mazishi," Yiamat akasema.

"Najua Jumamosi ni nini."

"Watu wamealikwa. Ng'ombe yupo. Mchungaji yupo. Nenda Jumapili."

"Shemeji, unataka nimzike Jumamosi halafu Jumapili niende kumwangalia kama yupo?"

Lililosemwa lilikuwa wazi mno hata kwa mwenyekiti.

"Sanduku lina upande mmoja haujakwisha," Nashilu akaendelea. "Halitakwisha mpaka nirudi. Mkitaka kuzika nguo kwenye mfuko wa plastiki, zikeni."

Resiato aliposikia jioni ile hakulia. Alikasirika. Alisimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi, akamwambia mama yake kwamba mara ya mwisho alipofuata fununu walifika mpaka Namanga, wakarudi, na mama akalala kitandani wiki nzima asile.

"Akiwa hayupo?" akauliza.

"Nitarudi tumzike."

"Akiwepo?"

Nashilu akachukua mwiko mkononi mwake, akageuza ugali uliokuwa unaungua. Swali hilo alikuwa hajalifikia. Akili yake ilikuwa imesimama kwenye jino la tatu na haikusogea hapo siku mbili nzima.

Jumamosi alifika getini mapema, amevaa nguo nyeusi za mazishi kwa kuwa ndizo alizokuwa amezipiga pasi, na sanduku la Mwanahalima mikononi. Akaacha simu kwenye dirisha la mapokezi kama wengine. Askari wa kike aliyekuwa na orodha ya wageni akamuuliza anataka kumwona nani.

"Lengai Sumari."

Askari akatafuta juu hadi chini. "Hatuna."

"Angalia tena, mwanangu."

"Mama, nimeangalia. Lengai hayupo. Sumari hayupo."

Nashilu alihisi kitu kinachofanana na nafuu, na akajichukia papo hapo. Angeweza kugeuka. Angefika Ngaramtoni kabla ya saa nne. Badala yake akafungua kanga.

"Aliyetengeneza hili anaitwa nani?"

Askari akaliona, akatabasamu. "Aa, hilo la Meshack. Fundi wetu. Ile mistari myekundu ni yake, hatumruhusu aache, watu wanaipenda."

"Meshack nani?"

"Meshack Peter. Wewe ni nani wake?"

"Mama yake."

Tabasamu likaondoka. Askari akamwangalia kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu. "Mama, Meshack hana wazazi. Ndivyo alivyosema mwenyewe alipoletwa. Hajawahi kupata mgeni tangu nihamie hapa."

Hana wazazi. Nashilu alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi njiani, kwamba ni mtu mwingine, kwamba ni yeye lakini mgonjwa, hata kwamba alikuwa pale akafa. Hakujiandaa kuambiwa kwamba yeye ndiye aliyekufa.

"Mwite," akasema. "Akinikataa mbele yangu, nitaondoka."

Wakamkalisha kwenye chumba chenye benchi refu na wavu katikati. Pembeni mwanamke mmoja alikuwa anamgombeza mumewe kuhusu mbuzi. Mlango wa ndani ukafunguliwa, akaingia mwanamume mwenye mabega mapana, kichwa kimenyolewa, vumbi la mbao kwenye nyusi. Nashilu akamtazama kama mtu asiyemjua. Kisha mwanamume akasimama ghafla, mkono wa kushoto ukashika fremu ya mlango, na kwenye kidole gumba palikuwa na kovu la jeraha la patasi ambalo Nashilu mwenyewe alilifunga kwa kitambaa, akimwambia aache kelele.

Mwanamke wa mbuzi aliacha ugomvi wake, akawaangalia.

Nashilu alikuwa na maneno ya miaka minne. Lililotoka si mojawapo.

"Mfuniko umepinda," akasema. "Mbao ilikuwa mbichi."

Lengai akatazama sanduku lililokuwa mapajani mwake, akatazama uso wake, akarudi kwenye sanduku. "Maonyesho yalikuwa karibu," akasema. "Nilijua haijakauka."

"Na jino la tatu."

"Bado linanishinda, mama."

Sanduku liliteleza, likaanguka sakafuni, halikuvunjika. Mtoto wake alikuwa anapumua upande wa pili wa wavu. Kifua kilipanda na kushuka. Aliangalia hilo tu kwa muda, kifua kinapanda, kinashuka, na kila mara alishangaa upya kwamba kimepanda tena.

"Shikamoo," Lengai akasema.

"Usiniamkie. Nani alikwambia mimi nimekufa?"

"Sikusema umekufa. Nilisema sina mtu."

"Tofauti yake nini?"

Lengai akakaa, akaanza kueleza akiangalia mikono yake. Kibarua alichokwenda siku ile kilikuwa cha kupakia magogo ya mtarakwa, ile miti myekundu yenye harufu ya msituni isiyoruhusiwa kuguswa. Mwenye lori alisema ana kibali. Alipowaona walinzi wa msitu, mwenye lori aliruka akakimbia, na Lengai akaelewa kibali chenyewe ni cha namna gani. Mvua ilikuwa inanyesha. Mlinzi mmoja alimkamata koti, Lengai akalivua, likaangukia kwenye maji ya korongo, naye akateremka kando yake, akakamatwa chini barabarani.

"Wakaniuliza jina. Sikuwa hata na kitambulisho. Mama, Jumapili ile si unakumbuka? Baba mkubwa alisimama kanisani akasema atakayekamatwa na mtarakwa atatajwa jina lake na la baba yake mbele ya watu wote. Mwenyekiti wa kamati. Ningesema Sumari?"

"Ungesema."

"Nilidhani ni siku chache. Nilidhani nitatoka kabla hamjaanza kunitafuta. Wakanipa miaka mitano."

"Karatasi hukuwa nayo? Mdomo hukuwa nao wa kumtuma mtu?"

"Nilijiandaa kutuma. Halafu akaletwa mtu mmoja wa kwetu huko, hanijui. Jioni anasimulia kwamba kijana wa Sumari alichukuliwa na maji. Anasema kanisa lilijaa mpaka nje. Anasema mchungaji alisema kijana alikuwa mwaminifu." Lengai alisugua uso kwa kiganja. "Nikaona mnamlilia mtu mzuri. Nikasema niwaachie huyo."

Nashilu alitaka kupitisha mkono kwenye wavu ampige. Alitaka pia kumshika sikio kama alipokuwa mdogo, ahakikishe lina joto. Wavu ulikuwa na matundu madogo, usingepitisha hata kidole.

"Leo tunakuzika," akasema.

"Nini?"

"Leo. Saa nne. Watu wako nyumbani sasa hivi, sufuria ziko motoni. Koko amekaa mbele na shuka lake jeusi." Koko ni bibi yake Lengai, mama wa marehemu baba yake, ambaye wajukuu wote humwita kwa jina hilo la Kimasai. "Tunazika koti lako."

Lengai alibaki ameachama. Ilionekana kwamba huko ndani alishazoea kuwa marehemu, lakini hakuwahi kufikiri kwamba kuna siku watu watachimba shimo.

"Kwa nini leo?"

"Resiato anataka kuolewa. Msiba uko wazi."

Akainama. Alipoinua kichwa, alikuwa na uso ambao Nashilu aliufahamu, uso wa mtu aliyepata njia ya kuziba mwanya.

"Basi nizikeni."

"Umesemaje?"

"Nizikeni, mama. Resiato aolewe na heshima yake. Nikitoka nitaenda mbali, Songea, Sumbawanga, popote. Fundi halali njaa. Nitakupigia simu wewe peke yako. Hakuna atakayejua, wala baba mkubwa hataaibika."

Alilisema kwa utulivu, na utulivu ule ndio uliomshtua Nashilu kuliko yote ya siku hiyo. Akaona jinsi ambavyo ingewezekana. Arudi, akate meno yaliyobaki, apige gundi. Asimame kaburini, atupe udongo. Watu wale nyama. Resiato avae gauni. Na kila mwezi simu iite kutoka Sumbawanga, atoke nje kwenda kuipokea nyuma ya karakana.

"Asubuhi umekula nini?" akamuuliza.

"Uji."

"Unanituma nikamzike mtu aliyekunywa uji."

"Mama, ukinitaja hapa wataniongezea kesi. Jina la uongo ni kosa."

"Labda wataongeza."

"Na nimebakiza muda mfupi."

"Nimesikia. Inaweza kuwa mrefu. Nitakuja kila Jumamosi, iwe mfupi, iwe mrefu. Lakini sitakuja kumwona Meshack. Simjui huyo, sina habari naye, na sitamletea hata sabuni."

"Na baba mkubwa?"

"Baba mkubwa ana miguu yake, atasimama juu yake."

Askari akagonga meza kuonyesha kwamba muda umekwisha. Nashilu akaokota sanduku, akalipangusa.

"Hapa sema mwenyewe," akasema. "Kule nitasema mimi. Nikitoka mlangoni bila kukusikia, sitageuka."

Akaenda. Hakwenda polepole, kwa sababu hakutaka kumsaidia. Mwanamke wa mbuzi alivuta miguu kumpisha. Alikuwa ameshika kitasa aliposikia sauti nyuma yake, nzito kuliko aliyoikumbuka, inayumba.

"Afande. Naomba kurekebisha jina langu."

Nashilu akasimama pale kidogo, mgongo kwao, mpaka alipolisikia jina lenyewe lote, na la baba yake. Kisha akatoka.

Getini, simu ilikuwa imejaa majina ya watu waliopiga. Ikaita tena kabla hajaiweka sikioni.

"Uko wapi wewe?" Yiamat alikuwa ananong'ona kwa hasira. Nyuma yake zilisikika sahani na kwaya ikijaribu sauti. "Mchungaji anaangalia saa. Watu wananiuliza sanduku liko wapi, nawaambia fundi anamalizia."

"Shemeji, weka spika."

"Ya nini?"

Nashilu alimsikia anatembea, mlango unafungwa, kelele zinafifia.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

Yiamat akavuta pumzi kama aliyemwagiwa maji ya mlimani. Aliposema, sauti ilikuwa imezeeka kuliko ya Alhamisi. "Mzima?"

"Mzima. Amenenepa mabega."

"Mungu wangu. Mungu wangu, Nashilu." Kisha ile akili yake ya kupanga mambo ikarudi. "Sikiliza. Tusiseme leo. Nitawaambia umeugua, tunaahirisha. Baadaye tutasema alionekana Kenya. Kosa lenyewe ni nini?"

"Mtarakwa."

Kiti kililia. Nadhani amekaa, Nashilu akajisemea, na alitamani kuwa pale amshike mkono, kwa maana shemeji yake hakuwa mtu mbaya. Lakini watu walikuwa wanangoja karibu na shimo.

"Alificha jina kwa sababu yako," akamwambia. "Usilifiche tena kwa sababu yake. Toka nje, weka spika."

Nashilu alidhani amekata simu. Kisha mlango ukafunguliwa, na kelele za uani zikaingia zote kwa pamoja, vyombo, watoto, kwaya. Akamsikia Yiamat akiomba watu wanyamaze. Ilibidi aombe tena. Mwishowe pakawa kimya hata akasikia jogoo wa jirani.

"Mama Lengai anataka kusema," Yiamat akasema. "Mimi nasimama hapa anaposema."

Nashilu alikuwa ameandaa utangulizi. Akauacha.

"Lengai hajafa. Nimetoka kumwona sasa hivi. Alikamatwa na mtarakwa msituni, amefungwa, akadanganya jina. Hakuna mazishi. Chakula kipo, kuleni."

Hakuna aliyelia, hakuna aliyeimba. Sufuria moja ilianguka na hakuna aliyeiokota. Akamsikia mchungaji anaanza neno na kuliacha. Akamsikia Resiato, karibu na simu, akisema "mama" kwa sauti ndogo, kama anamuuliza mtu mwingine aliye pale kama amesikia sawasawa.

Halafu fimbo ikagonga ardhi mara moja, na sauti ya Koko ikafika, kali kwa sababu hakuamini kwamba simu inasikia bila kupigiwa kelele.

"Nashilu. Hapo wanaruhusu mtu kupeleka maziwa?"

Nashilu akamgeukia yule askari wa dirishani, akamuuliza.